Upande wa Nyuma wa Shuka

Mpaka leo sifungui kitabu kabla sijapangusa mikono. Nipo peke yangu, kitabu ni changu, hakuna wa kuniona, lakini mkono unakwenda wenyewe kwenye kanga. Ni yeye aliyenizoesha. Mlangoni mwa maktaba aliweka karai la maji na kitambaa, na aliyepita bila kunawa alirudishwa, awe mkulima wa Unyambwa kama sisi au karani wa boma. Kuna karani alirudishwa mara mbili siku moja, mara ya pili kwa sababu alilowesha vidole tu.

Tulimwita Bwana Maktaba. Alikuwa na jina lake, na lilikuwa limeandikwa kwenye kibao mezani, ila wakati ule nilikuwa sijui kusoma, na nilipojua, kibao kilikuwa kimeshaondolewa. Wengine walisema ametoka Kondoa, wengine Tabora. Mnyaturu kama sisi hakuwa. Lugha yetu alijifunza ukubwani, akaisema polepole na kwa usahihi wa kuchosha, hata bibi mmoja akamwambia bora aseme Kiswahili tu, tutamwelewa upesi zaidi.

Serikali ya Waingereza ilipomaliza vita vyake ilitujengea ukumbi pale Singida mjini, wa mawe na bati, na mwisho wa ukumbi chumba kimoja chenye kabati mbili za vitabu. Chumba hicho ndicho kilikuwa maktaba. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri ukumbini palikuwa na sinema ya bure. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya jela, injini ya umeme ikanguruma nje, na joto humo ndani lilikuwa la kupikia. Tulikwenda hivyo hivyo. Mimi nilikuwa napeleka mayai sokoni Jumamosi, yakiisha nakwenda sinema, kisha naondoka kwa miguu kurudi Unyambwa jua likiwa bado juu.

Bure ile ilikuwa na sharti moja. Kitabu kwanza. Kabla ya picha ilikuwa lazima ukae nusu saa na kitabu mkononi, ujue kusoma usijue. Alikuwa na saa ya mezani yenye kengele, anaitega, anakaa. Ungeona wazee wa heshima zao, wafugaji waliofunga ng'ombe wao wakaja na fimbo, wamekaa kwenye mabenchi kila mtu ameshika kitabu mbele ya uso, kimya, wengi wamekishika juu chini. Yeye alipita nyuma yao akavigeuza kimoja kimoja bila kusema neno. Hakucheka. Nadhani hakuona kama pana cha kuchekesha.

Jumamosi yangu ya tatu alisimama mbele yangu akauliza, "Umeona nini humo?"

"Nyumba," nikasema. Palikuwa na picha ya nyumba.

"Iko ukurasa wa ngapi?"

Sikujua kwamba kurasa zina hesabu. Akanionyesha pale chini pembeni, kisha akanionyesha herufi mbili, akaniambia nirudi nazo wiki ijayo. Hivyo ndivyo nilivyosoma, herufi mbili kila Jumamosi, nusu saa, kengele ikilia anafunga kitabu hata kama mdomo wangu uko katikati ya neno. Baada ya mwaka mmoja na kitu nilikuwa nasoma kitabu cha mtu aliyetembea kwa miguu kutoka pwani mpaka ziwani. Nilikisoma kwa kidole, robo ukurasa kwa siku. Mpole hakuwa. Mtu akikosea alimwambia amekosea, na akipatia hakuambiwa kitu.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kutopokea chochote. Ukimpelekea yai, anakurudishia. Ukimwita kwenye ugali, anakunywa maji tu, anashukuru, anaondoka. "Bure ni bure," alikuwa akisema, na hakuongeza maelezo. Mwanamke mmoja wa upande wetu, mtoto wake alikuwa amefundishwa kusoma pale, alimfunga kuku kwenye mguu wa meza ya maktaba akakimbia. Bwana Maktaba alimfuata kwa baiskeli, kuku amening'inia kwenye usukani, akamkabidhi mbele ya wageni wake. Yule mama hakukanyaga tena pale. Mimi mwenyewe niliona kwamba Bwana alikosea siku ile, na hata sasa naona hivyo. Mtu huwa na haja ya kutoa.

Halafu yeye yule aliyekataza vumbi kwenye vitabu alivuta ugoro, na akipiga chafya ilikuwa juu ya meza yake mwenyewe, mbele ya kurasa zilizo wazi. Anapangusa kwa mkono wa koti, anaendelea.

Sasa nieleze sinema zenyewe zilivyokuwa, maana kila kitu kilitoka hapo. Picha hazikuwa na sauti. Ziliteremshwa na lori kutoka Dodoma ndani ya sanduku la bati, kila mkanda na karatasi yake ya Kiingereza inayoeleza kinachoonekana. Bwana Maktaba aliisoma karatasi ile na kuitafsiri kwa Kiswahili huku picha ikienda. Alichosoma ndicho alichosema. Siku moja sanduku lilikuja na mkanda wa kuchimba visima bila karatasi. Watu walimwomba aeleze tu, si anaona. Akasema, "Karatasi haipo. Angalieni wenyewe." Akasimama pale kimya mpaka mwisho. Mara nyingine bwana mkubwa mmoja wa boma alimtaka aongeze maneno kwenye picha ya ng'ombe, aseme kwamba watu wa mikoa mingine wamepunguza mifugo yao kwa furaha. Alisimama mbele yetu, bwana mkubwa akiwa kiti cha mbele, akasoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja. Neno furaha halikutoka. Tulisikia baadaye kwamba alikaripiwa vibaya na nusura aondolewe kazini.

Shuka ya kuonyeshea ilitundikwa kwenye miti miwili katikati ya ukumbi. Mashine ilikuwa upande wa mlangoni, na upande huo walikaa wanaume, kwenye mabenchi. Sisi wanawake tulikaa upande wa pili, nyuma ya shuka, chini, na watoto. Hatukuagizwa na mtu, tulijipanga hivyo tangu siku ya kwanza kwa sababu huwezi kukaa benchi moja na baba mkwe. Mwanga ulipenya kwenye kitambaa, nasi tuliona yote. Ila tuliyaona yamegeuka, kama unavyojiona kwenye kioo. Cha kulia kwao, kwetu kilikuwa cha kushoto. Hatukulijua hilo. Picha ilikuwa picha, nani angekwenda upande wa wanaume kulinganisha?

Bwana Maktaba peke yake aliona pande zote mbili. Alisimama ukingoni, kwenye mti wa shuka, karatasi mkononi na tochi, mguu mmoja kwa wanaume na mmoja kwetu. Picha alikuwa haitazami sana. Alitazama watu.

Jumamosi moja alikosea kuuweka mkanda kwenye mashine, ukaingia umepinduliwa. Mikanda ile ilikuwa na matundu pande zote mbili, ikikubali kuingia vyovyote. Huko mbele makarani wakalalamika kwamba maandishi yamekwenda kinyume, nasi huku nyuma hatukuelewa wanalalamikia nini. Wiki iliyofuata, kabla ya yote, alisimama akatuambia wote kwa sauti ile ile ya kusomea: "Jumamosi iliyopita nilikosea. Mkanda uliwekwa upande usio wake. Mlichokiona kuliani kilikuwa kushotoni. Naomba radhi." Watu walisonya. Nani anaomba radhi kwa jambo kama hilo? Kwetu nyuma maneno yale yalipita tu. Nami yalinipita, mpaka siku niliyoyahitaji.

Mume wangu aliitwa Njiku. Tulikaa pamoja mwaka mmoja na miezi michache, kisha akaandikwa manamba, akapelekwa Tanga kukata mkonge kwa mkataba. Wengi wa rika lake walikwenda. Mkataba ulikwisha, waliokwenda naye wakarudi, yeye hakurudi. Mmoja alisema walitenganishwa mashamba tangu wiki ya kwanza. Hiyo ndiyo habari yote tuliyopata. Mtoto nilikuwa sijapata.

Nikiulizwa namkumbuka vipi, nakumbuka mkono. Alikuwa mtu wa kushoto. Kula alikula kwa kulia, maana baba yake alimfundisha kwa fimbo, lakini kulima, kukata kuni, kurusha jiwe, vyote kwa kushoto. Tukilima pamoja uwele, jembe lake lilikuja upande wa kwangu, ikabidi tuachane nafasi. Hilo nililizoea hata alipoondoka. Niliendelea kulima kwa kuacha nafasi.

Mwaka wa tatu wa kuondoka kwake sanduku lilileta picha ya mkonge. Sitasahau nilivyoketi. Mashamba, mistari mirefu, toroli la marobota lenye maandishi ubavuni, kisha watu wanakata. Katikati yao mwanaume mmoja ameinama, kofia imefunika uso, anakata majani kwa mkono wa kushoto. Akasimama, akafuta jasho kwa kiwiko, akainama tena. Ilikuwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, labda. Nikasimama pale katikati ya wanawake. Sikupiga kelele. Nilisimama tu, na nilipogeuka nikaona Bwana Maktaba ameacha kusoma, ananitazama.

Mkanda ule ulirudi mara mbili zaidi mwaka ule, na mara zote nilikwenda. Mama mkwe nilimchukua mara moja. Naye aliona, akasema, "Ni yeye. Ona mkono." Wanaume wa kwetu waliokaa mbele walisema hawakumwona. Nikawaambia hawakutazama vizuri.

Hapa ndipo pana jambo lenyewe. Baba mkwe alikuwa ameshachoka kungoja. Miaka mitatu na zaidi hakuna barua wala salamu, kwetu mtu huyo analiliwa. Watakaa matanga, watanyoa, na mimi nitarithiwa na shemeji yangu, mdogo wa Njiku, aliyekuwa Rungwa na mizinga yake ya nyuki. Shemeji mtu mbaya hakuwa. Alikuwa na mke tayari, na Rungwa ni porini, safari ya siku nyingi, hakuna soko wala ukumbi wala kabati la vitabu. Kila nilipofikiria kwenda kule nilihisi naingizwa kwenye chungu na kufunikwa. Kilichonikinga kilikuwa kitu kimoja tu, yule mtu wa kwenye shuka. Nilimwambia baba mkwe: mwanao yu hai, nimemwona, huwezi kumkalia matanga mtu aliye hai.

Mzee hakuwa mjinga. Alisema atamwona mwenyewe. Akavaa kanzu yake, tukaenda naye, mimi nyuma yake, mpaka maktaba. Alinawa kwenye karai kabla ya kuambiwa.

"Shikamoo, mzee," akasema Bwana Maktaba.

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya mwanangu. Huyu mkwe wangu anasema yumo ndani ya picha yako."

"Kwenye picha mna watu wengi, mzee."

"Nataka nimwone. Nikimwona, maneno yanakwisha. Nisipomwona, mwezi huu tunakaa matanga, na huyu anachukuliwa na mdogo wa marehemu, Rungwa."

Bwana Maktaba akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kitabu changu cha mtu wa pwani kiko pale pale rafuni, na kipande cha karatasi mahali nilipofika.

"Ulikaa upande gani ulipomwona?"

"Nyuma, na kina mama."

"Akikata kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Mwanangu ni wa kushoto tangu utoto," akasema baba mkwe. "Hapo tu ndipo nitakapomjua."

Bwana Maktaba akatoa ugoro, akauvuta taratibu, na safari hii hakupiga chafya. Akasema sanduku lenye mkanda ule linaondoka Ijumaa. Tuje Jumatano mchana, sisi wenyewe tu.

Tulikwenda. Mbele ya shuka alikaa baba mkwe, shemeji, aliyekuwa ameshaitwa kutoka Rungwa kwa ajili ya matanga, na wazee wawili wa ukoo. Kusoma hakuna aliyejua hata mmoja. Nyuma tulikuwa mimi na mama mkwe. Kitabu hatukushikishwa siku ile. Bwana Maktaba alisimama kwenye mti wake wa ukingoni akasema, "Leo karatasi haipo. Tazameni wenyewe."

Karatasi ilikuwepo. Niliiona pembe yake mfukoni mwa koti.

Picha ikaanza, na ilikuwa na ukungu kidogo. Mashamba, mistari. Toroli la marobota likapita. Maandishi yale ya ubavuni nilikuwa nimejaribu kuyasoma Jumamosi zote zilizopita nikashindwa, nikadhani ni herufi za Kizungu ambazo sijafika. Siku ile niliyasoma. TANGA. Nilisoma kwa mdomo, herufi tano, bila kidole. Nikafurahi kwa kiasi cha pumzi moja, kisha nikakumbuka ile radhi aliyotuomba zamani, mkanda uliowekwa upande usio wake.

Mtu wa kofia akatokea. Kwetu, nyuma ya shuka, alikuwa anakata kwa mkono wa kulia.

Kutoka mbele nikasikia sauti ya baba mkwe, imepasuka kwa kicheko. "Ndiye huyo. Njiku. Tazameni shoto lake." Wazee wakaitikia. Shemeji akasema, "Kweli, kaka ni mzima." Nadhani na yeye alifarijika.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amekaza macho kwenye shuka mpaka yule mtu alipoinama mara ya mwisho. Kisha akasema polepole, "Mimi macho yangu mabaya. Sioni kitu." Mama yule siku zote alitunga uzi kwenye sindano bila kusogea mlangoni penye mwanga.

Nilijua, basi. Nilijua kwamba mtu niliyemng'ang'ania kwa Jumamosi zote zile ni mtu baki, mtoto wa watu wengine, mwenye mkono wa kulia kama watu wote. Nilijua kwamba Bwana Maktaba ameupindua mkanda kwa makusudi, yeye aliyewahi kuomba radhi mbele ya umati kwa kuupindua kwa bahati mbaya. Nikangoja kilio kije. Hakikuja. Ndani yangu palikuwa pamefagiliwa. Nikakunja kanga, nikamshika mama mkwe mkono, tukatoka juani.

Matanga hayakukaliwa. Shemeji alirudi kwenye mizinga yake. Nikabaki mke wa mtu aliye safarini, na shamba langu, na Jumamosi zangu. Kitabu nilikimaliza. Bwana Maktaba hakusema lolote nami sikusema. Nilinawa, nilikaa nusu saa, kengele ililia. Nilihesabu kwamba mambo yamekwisha.

Ila hayakukwisha kwa wengine. Baba mkwe alimtumia salamu mwanawe kwa kila kijana aliyekwenda Tanga, na kila aliyerudi alimwuliza. Aliugua, na siku zake za mwisho alitaka tumwambie Njiku akirudi kwamba ng'ombe wake ni watatu na ndama. Tulimwitikia. Alikufa anatazama njia. Mama mkwe naye alianza kutenga chakula. Kila mchana, akishapakua, alitia ugali na mlenda kwenye bakuli la udongo, akalifunika kwa ungo, akaliweka kando ya mlango. "La Njiku," alisema. Jioni aliwapa kuku. Miaka saba nilikula mbele ya bakuli lile. Mwanzoni lilinichoma. Baadaye nililiruka tu nikipita, kama unavyoruka kizingiti.

Bwana Maktaba aliondolewa kazini bila kelele. Wakaletwa vijana wenye mashine mpya yenye sauti, ikasema yenyewe, na karai la maji likatoweka mlangoni. Niliendelea kwenda kidogo, nikaacha.

Nilimkuta tena kijijini Mkiwa, pale njia panda, mwaka ule watu walipokuwa tayari wanazungumzia kujitawala kila mahali. Nilikuwa nimepeleka vitunguu, nangoja lori. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati kando ya barabara, koti lile lile, kichwa cheupe. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba." Akaniangalia mikono. "Umenawa?"

"Nimetoka kubeba vitunguu."

"Kile kitabu ulikimaliza?"

"Nilikimaliza. Yule mtu alifika ziwani."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tukakaa. Malori mawili yakapita yakielekea Manyoni. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Ile Jumatano, Bwana. Nilisoma TANGA kwenye toroli."

Akatoa ugoro, akauvuta. "Nilidhani hukujua."

"Nilijua pale pale."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona ulifanya?"

Akajipangusa pua. "Kitabu chako kilikuwa hakijaisha," akasema.

Nilikasirika. Sikuwa nimekasirika kwa miaka mingi na nilishangaa kuona bado najua. Nilitaka sababu kubwa zaidi ya hiyo. Mzee mmoja alikufa akiangalia njia, nikamwambia, na bibi mmoja anapakulia hewa kila mchana, nawe unaniambia kitabu. Hakujitetea. Alisema, "Siku ile juu ya picha sikutamka neno. Nilijiambia kwamba kwa kuwa sikutamka, sikudanganya. Lakini karatasi niliificha, na mkanda niliupindua mimi."

Kisha akafungua sanduku alilokalia. Ndani mlikuwa na vitabu vichache, na kwenye kitabu kimoja akatoa karatasi iliyokunjwa. Alisema baada ya Jumatano ile hakulala vizuri, akaandika barua kwa mashamba ya mkonge, moja baada ya jingine, kutafuta jina la Njiku. Shamba la sita lilijibu. Jibu lilikuja baba mkwe akiwa bado hai. Alilisoma, akalikunja.

"Karatasi hiyo tu ndiyo sijawahi kuwasomea watu," akasema. "Kuisoma kulihitaji niseme na lile la mkanda. Nikasema wiki ijayo. Kisha mzee akafa."

Sikuichukua. Nilijua imesema nini kwa namna alivyoishika.

"Haisomwi hapa," nikamwambia. "Twende ukamsomee mwenyewe."

Alisimama bila kubisha. Lori la Singida lilipokuja tulipanda wote, yeye na sanduku lake. Tulifika Unyambwa mama mkwe akiwa ndiyo kwanza amepakua. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini alimjua mgeni kabla sijamtaja. Bakuli lilikuwa kando ya mlango, chini ya ungo.

Bwana Maktaba hakuketi. Alimwamkia, akatoa karatasi, akasimama ubavuni mwa mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaisoma kwa sauti ile ya ukumbini, akitafsiri neno kwa neno. Karatasi ilisema kwamba mfanyakazi mwenye jina hilo, kutoka Singida, aliugua homa mwezi wa tano wa mkataba wake, akafa, akazikwa shambani. Ilisema shamba linasikitika. Akaikunja. Halafu akaeleza habari ya mkanda, yote, bila kujipunguzia, akaomba radhi kwa maneno yale yale aliyoyatumia zamani mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko. "Mwezi wa tano," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo tulipokuwa tunamtazama kwenye shuka alikuwa ameshazikwa."

"Ndiyo."

Akaweka mwiko chini. "Mkono wa kulia niliuona siku ile," akasema, akinitazama mimi. "Mimi ndiye niliyemzaa. Lakini mume wangu alikuwa anacheka kule mbele. Tangu mtoto aondoke nilikuwa sijamsikia anacheka. Ningesema nini?"

Miaka yote ile tulikula jiko moja, kila mmoja anamfichia mwenzake jambo lile lile. Nilikaa chini, na hapo ndipo nililia, kidogo, bila nguvu, kama mtu aliyepoteza mazoea ya kulia.

Mama mkwe hakulia. Alisema kesho tutanyoa, aitwe shemeji yako. Kisha akaenda mlangoni, akaondoa ungo, akanyanyua bakuli kwa mikono miwili, akamwekea Bwana Maktaba mbele.

"Kaa ule."

"Mama, mimi huwa sipokei..."

"Najua. Kaa. Chakula hiki leo hakina mwenyewe."

Bwana Maktaba alinitazama mimi, nami sikumsaidia. Akavua koti, akakaa kwenye kigoda. Mama mkwe alimletea maji kwenye kata, akammiminia. Alinawa mikono yote miwili mpaka viwikoni, akala, na hakubakiza.